Papasi Chini ya Mkeka wa Matanga

Kama kwako kuna mtu homa inamshika siku tatu, inamwachia, halafu baada ya wiki inarudi kama mgeni aliyesahau fimbo yake, usikimbilie kutafuta dawa. Muulize kwanza alilala wapi. Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo mpaka homa ya tatu, na kwa kuchelewa huko kuna kaburi dogo kule Hale.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo humu msinitafutie mambo ya kitaalamu. Nitasema nilichokiona kwa mwili wangu. Waliotufikisha pale nitawataja majina. Wengine ni ndugu zangu na watanuna. Na wanune, mimi nimeshanuna vya kutosha. Na mimi mwenyewe nitajitaja nikifika mahali pangu.

Mama yangu alifia kwangu Kwamndolwa, hapa Korogwe, kwenye lile joto la kabla ya masika. Alikuwa anakaa kwangu mwaka wa tatu, miguu imemwisha. Wosia wake ulikuwa mmoja: azikwe kwao Handeni, na matanga yakae nyumbani kwake, kwenye ile nyumba ya udongo aliyojengewa na baba. Nyumba hiyo tangu ahamie kwangu ilikuwa imefungwa. Kaka yangu Rajabu, ambaye kwake ni hatua chache kutoka pale, alikuwa analaza humo kuku wake. Kuna wakati alimpa mchungaji mmoja wa ng'ombe, mpita njia, akae. Mchungaji hakumaliza mwezi. Alipoondoka alimwambia Rajabu wazi, humu ndani mna papasi.

Kwa asiyemjua, papasi si yule kupe anayemng'ang'ania ng'ombe ukamwona amevimba sikioni kama punje ya mbarika. Huyu ni ndugu yake wa ndani ya nyumba. Rangi yake ni ya udongo, ngozi imekunjamana kama ya mzee, na makazi yake ni nyufa za sakafu na miguu ya ukuta. Mchana humwoni. Watu wakilala anatoka, anakunywa damu, anarudi kwenye ufa wake kabla hujageukia ubavu wa pili.

Rajabu alilijua hilo. Mama alipokata roho asubuhi nilimpigia simu, maana maziko yalikuwa jioni ileile. Angeweza kuniambia, dada, ile nyumba ina wadudu, matanga tuyaweke kwangu. Kwake kuna sakafu ya saruji. Hakusema. Aliona aibu. Kwetu ukisema nyumba ya marehemu ina papasi, umesema marehemu alikuwa mchafu na aliowazaa ni wachafu. Basi akawaita majirani wanawake waje wasiribe sakafu upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe, nyufa zisionekane. Halafu akamwita Sefu.

Sefu ni mtu wa pampu. Kazi yake ni kuogesha ng'ombe za wafugaji kwa dawa ya kupe, pampu mgongoni, na ukimwomba anakupulizia nyumba kwa dawa hiyohiyo, kwa kipimo cha macho yake. Miezi baadaye alinieleza mwenyewe. Alisema, "Dada, nilimwambia kaka yako hapa panataka vitu vyote vitoke, sakafu ichimbuliwe, watu wasiingie. Akaniambia, Sefu, maiti iko njiani, wewe pulizia tu, mradi inuke dawa."

Kweli ilinuka. Tulipofika na jeneza nyumba nzima ilinuka josho la ng'ombe. Rajabu akanipokea kwa machozi, akasema, "Nimewapulizia mbu, dada yangu. Mtalala kwa raha."

Msiba wa mama kwetu vitanda hutolewa nje. Mabinti wa marehemu na wajukuu wa kike hulala chini, kwenye mikeka. Nilikuwa na binti yangu wa pekee, Zaina, ambaye ameolewa Hale na kijana wa bodaboda anaitwa Juma. Zaina alikuwa na mimba ya miezi sita. Miaka mitano ya ndoa, maneno ya mawifi ameyala mpaka yamemshibisha, na hiyo ndiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza kukaa. Jirani yetu mmoja mtu mzima, Bi Tatu, alimwona anavyohangaika kuketi, akamwambia, "Mjukuu wangu, na tumbo hilo njoo ulale kwangu. Kitanda kipo, neti ipo."

Zaina akanitazama mimi.

Hapa ndipo mahali pangu. Nilisema, "Bibi yake alimpenda kuliko wajukuu wote. Leo alale kitandani? Watu watasemaje?"

Akalala chini, ubavuni pangu. Usiku wa pili akaninong'oneza, "Mama, kuna kitu kinaniuma kiunoni." Nikamwambia avumilie, hii ni nyumba ya bibi yake. Asubuhi, wenzangu wametoka kuchota maji, Zaina bado amelala, nikakunja mkeka wangu. Chini yake, kwenye sakafu mpya iliyokauka na kuanza kupasuka, kulikuwa na kitu kama kunde iliyosinyaa. Nikaikanyaga kwa kisigino. Ikatoka damu nyeusi. Nikaifuta kwa ncha ya kanga.

Msiniulize kama nilimtambua. Nilizaliwa kwenye nyumba hiyo. Lakini tulikua tukiambiwa kwamba papasi hamdhuru mwenye nyumba, humtesa mgeni tu. Nikajisemea sisi si wageni hapa. Miaka thelathini nimelala Korogwe, na Zaina kazaliwa Korogwe, bado nikajiita mwenye nyumba. Nikanyamaza mpaka hitima ikasomwa, tukarudi kila mtu kwake.

Homa ya kwanza ilinikuta watu wanasafisha mashamba. Nilikuwa napepeta mchele, baridi ikaniingia kwenye jua kali. Nikajifunika blanketi mbili na koti la mume wangu, Baba Zaina, meno bado yanagongana. Kichwa kilikuwa kinatwangwa. Ndama za miguu ziliuma hata shuka ikizigusa. Nikatapika kijani. Baba Zaina akaenda kwa Shabani, yule wa duka la dawa la pale kona, akamweleza. Shabani hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Malaria hiyo, mzee. Kupima ni kupoteza muda tu." Akampa dawa ya mseto.

Siku ya tatu nikatoka jasho mpaka godoro likaloa, homa ikashuka. Nikamsifu Shabani mtaa mzima! Nilimpelekea na ndizi. Zile ndizi zinaniuma mpaka leo.

Homa ya pili ilikuja na mvua za kwanza. Safari hii nilikwenda zahanati kupimwa, lakini sikilizeni kosa langu, maana wengi mnalifanya. Homa ikipanda siwezi hata kukaa. Kwa hiyo nilisubiri ishuke ndipo nikaenda. Nikakaa kwenye benchi toka asubuhi, mvua inapiga bati, kila mtu ameshika karatasi yake kama tiketi ya kwenda peponi. Nikachomwa kidole. Malaria hakuna. Wakasema mkojo ndio mchafu, wakanipa vidonge vya mkojo.

Nikiwa palepale kwenye benchi Zaina akapiga simu. "Mama, na mimi homa imenishika. Hii ya pili sasa. Ya kwanza sikukwambia, nilijua unaumwa."

"Umepima?"

"Nimepima. Wanasema hakuna kitu. Wanasema ni mimba."

"Basi ni uchovu wa msiba, mwanangu. Pumzika."

Nilisema hivyo na papasi namkumbuka. Alinijia kichwani waziwazi, kisigino changu na ile damu. Nikamfukuza. Kumtaja kungekuwa kujitaja.

Wiki hiyo niliamka nikanywa chai, chai ikamwagikia kifuani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande wa kulia. Jicho la kushoto halifungi. Nilijitazama kwenye kioo, nikaona mwanamke mwingine ananidharau. Mwajuma, mke wa Rajabu, akapiga simu kunipa pole. "Wifi, hilo ni jini tu. Mama yetu hakuridhika. Kuna kitu mlikosea kwenye matanga." Nilimsikia Rajabu anakohoa pembeni ya simu. Nikangoja aseme. Alikohoa tena, simu ikakatwa.

Baba Zaina ni mtu wa maneno machache na tulishagombana sana wakati ule, maana alikuwa anapika, anafua, anadai najilegeza tu. Lakini siku hiyo alisonga ugali laini akaketi mbele yangu na kijiko. "Leta upande wa kulia," akasema. "Wa kushoto wamefunga ofisi." Nikacheka kwa nusu ya uso. Ndiyo siku pekee niliyocheka masika yote.

Homa ya tatu mahindi yalikuwa yameanza kuchomoza. Safari hii mume wangu hakungoja ishuke. Alinipakia kwenye bodaboda ninaungua vilevile, akanifunga kwa kanga mgongoni kwake, tukaenda hospitali. Kwenye benchi nililala kichwa kikiwa pajani kwa mama nisiyemfahamu, ana mtoto wa kikohozi. Alininyooshea ushungi, akanipepea kwa kadi ya kliniki ya mwanawe mpaka nikaitwa. Sikumwuliza jina. Mungu anamjua.

Mzee mmoja wa maabara, mvi kichwa kizima, alinichoma kidole. Baada ya muda akatoka mwenyewe, karatasi mkononi, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, mwezi huu au uliopita umelala kwenye nyumba gani?"

"Kwangu."

"Hujalala mahali pengine? Nyumba ya udongo, ya zamani?"

Nikavuta ushungi usoni. Baba Zaina akajibu, "Tulizika Handeni. Wanawake walilala chini."

Mzee akatikisa kichwa. "Ni homa ya papasi. Wadudu wake nimewaona kwenye damu, wamejisokota kama nyuzi za mkonge. Bahati yako umekuja unaungua. Ukija umepoa wanajificha, tunawakosa."

Nikamwambia, "Nililala na mwanangu. Ana mimba ya miezi saba."

Aliacha kuandika. "Mpigie sasa hivi."

Simu ilipokelewa na Juma. "Shikamoo mama." Nikaanza kumweleza, akanikatiza taratibu. "Mama, mtoto amezaliwa jana. Wa kiume."

"Yuko wapi?"

"Tumemzika asubuhi. Tulisema usiambiwe kwanza, unaumwa."

Aliishi toka adhuhuri mpaka magharibi. Zaina mwenyewe alikuwa wodini anaungua, damu hazikatiki, hajui yuko wapi. Yule mzee wa maabara aliichukua simu mkononi mwangu, akaomba apewe muuguzi, akazungumza naye mambo yao. Wakampima, wakawaona walewale. Wakamtibu. Mwanangu alipona kwa simu iliyochelewa siku moja kwa mtoto wake.

Mimi nilichomwa sindano jioni ile. Muuguzi alinionya, "Mama, utatetemeka kuliko homa yenyewe. Usiogope, ni wao wanakufa." Kitanda kilitembea, nawaambia. Baba Zaina alinikalia miguuni kama anayezuia bati lisipeperuke. Wakati natetemeka nilikuwa naomba wasife wao peke yao.

Sikufa. Wakati wa palizi nywele zilitoka kwa mafungu, nikichana zinabaki kwenye kitana. Macho yalikaa manjano muda mrefu. Kutoka kitandani hadi chooni nilipumzika mara mbili. Mdomo ulirudi kidogokidogo, ila mpaka leo nikicheka unakumbuka.

Wakati wa mavuno Zaina alikuja. Amekonda, gauni linamning'inia. Hakuketi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama, asubuhi ile kwa bibi, ulikuwa unafuta nini kwa kanga?"

Kumbe alikuwa macho.

Ningeweza kusema sikumbuki. Nikamwambia kweli. Nikamwambia yote, na lile la kwenye benchi. Alichukua mkoba wake, akarudi Hale, na simu zangu hakupokea tena.

Ndipo nikapata hasira ya kufanya kazi. Bwana afya wa kata alinielekeza kwa mama mmoja hapa Korogwe, Msambaa wa milimani, anaitwa Mama Anjela. Huyo kusomea amesomea, kupulizia nyumba ndiyo kazi yake, na nguo zake za kazi hazipiti mlango wa kwake. Tukaenda naye Handeni kipupwe. Rajabu akatuziba mlangoni.

"Dada, unataka kututangaza?"

"Sisi, hapana. Nimekuja kukutangaza wewe."

Majirani walishasogea. Mwajuma amejishika kiuno. Sefu naye kaja na pampu yake, anataka kuona mwanamke anafanyaje. Mama Anjela hakugombana na mtu. Alichimbua udongo kona ya chumba tulicholala, viganja kama vitatu hivi, akauchekecha kwa chekeche, akaumwaga juu ya bati juani. "Tazameni, msiguse," akasema. Tukatazama. Udongo mtupu na vijiwe. Mwajuma akaanza kucheka. "Haya, papasi wako wapi?"

"Ngoja bati lishike moto, mama."

Vile vijiwe vikaota miguu.

Vilikuwa vingi, vikubwa kwa vidogo, vinatambaa kutafuta kivuli. Wanawake walirudi nyuma wakikung'uta kanga. Mama Anjela alimgeuza mmoja kwa njiti, akasema huyu anaweza kukaa miaka bila kula, anangoja tu. Kuku wa Rajabu ndio waliokuwa wanawalisha. Sefu alivua kofia. Hapo ndipo akaniambia yale ya "mradi inuke dawa", mbele ya Rajabu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, mkitaka kujua fundi wa kweli yukoje. Alitoa kila kitu nje mpaka kinu. Kuku wakahamishwa, banda lao likajengwa mbali na nyumba. Ile sakafu iliyosiribwa ikavunjwa yote, kwa kuwa kusiriba juu ya papasi ni kuwafunika shuka. Nyufa akazifungua badala ya kuziziba. Alivaa glavu, buti na kitu cha kuziba pumzi, akasoma karatasi ya dawa kabla ya kuchanganya. Dawa ya kuogeshea ng'ombe alikataa kuiona ndani ya nyumba ya watu. Hakuhangaika na ukuta wa juu. Alipiga sakafu, miguu ya ukuta, miimo ya milango na viungo vya vitanda. Nyumba ikafungwa, hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka aseme yeye. Akarudi tena baada ya wiki kadhaa, kwa ajili ya waliobaki. Mwisho sakafu ikashindiliwa, ikapigwa saruji. Kanga yangu ile niliichoma moto.

Vuli ilipoanza, shangazi yetu, dada wa baba, akafariki kijijini hapohapo. Nyumba yake ni ya udongo vilevile. Nikafika alasiri, maziko yamekwisha, Mwajuma anatandika mikeka. Zaina alikuwa amekaa kwenye kona na wajukuu wenzake. Aliniamkia kwa sababu watu walikuwepo. Pembeni yake alikaa Rehema, mke wa mtoto wa Rajabu, tumbo limeanza kusukuma kanga.

Nilichomoa njiti kwenye ufagio, nikapiga magoti mbele ya wote, nikaanza kuchokonoa ufa chini ya ukuta. Wanawake wakaguna. Mwajuma akanishika bega.

"Wifi! Unamwaibisha marehemu!"

"Marehemu haumwi homa." Nikamgeukia Rehema. "Inuka, mwanangu. Wewe hulali chini. Kitanda kipo kwa Bi Tatu."

Msichana akamtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Yale macho nayajua. Nilishatazamwa hivyo. Mwajuma akasema kwa sauti ya kusikika uani, "Mke wa mjukuu wa marehemu, kaolewa juzi, alale kitandani? Watu watasemaje?" Uani, kwenye viti vya wanaume, Rajabu akakohoa.

Zaina ndiye aliyesimama. Alimpa Rehema mkono, akamwinua kama anavyoinuliwa mtu mwenye tumbo, taratibu, kwa kwapa. Akamwambia, "Twende, mdogo wangu. Waseme." Kabla ya kutoka aliinama akaukunja mkeka waliokuwa wameukalia, akanipa. Hakunitazama usoni. Alinipa tu mikononi, wakatoka.

Nje jua lilikuwa bado kali. Nikaukung'utia mkeka juu ya kipande cha bati, nikachuchumaa pembeni, nikangoja lishike moto.